Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuanzia Januari hadi mvua ishike, maswali ni yale yale: kwenye baraza la chifu, kwenye foleni ya bohari, hata kinyozi. Majibu haya yamelenga mkulima wa Trans Nzoia, awe na nusu ekari Kiminini au ekari hamsini Kwanza. Mpango ni wa kitaifa, kwa hivyo jirani wa Bungoma au Uasin Gishu naye atapata lake humu, ila vipimo vya mahindi ni vya nyanda hizi zetu za juu.

## Mambo ya mwanzo

1. Ruzuku ni pesa? Nitatumiwa kwa simu?

Hapana. Hakuna shilingi inayoingia kwenye simu yako. Ruzuku ni tofauti ya bei: serikali inabeba sehemu ya bei ya mfuko, wewe unamalizia iliyobaki. Septemba 2022, mpango ulipoanza, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa ukienda karibu shilingi 6,500 madukani uliuzwa 3,500. Agosti 2023 bei mpya ikatangazwa: 2,500. Kwa hivyo anayekupigia akisema "ruzuku yako imeingia, tuma mia mbili tuifungue" hana cha kukufungulia. Tazama swali la 13.

2. Hii ni ya serikali kuu au ya kaunti?

Mbolea hii ni ya serikali kuu, na hupitia zaidi kwenye mabohari ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, yaani NCPB. Lakini afisa wa kilimo wa wadi yako ni mfanyakazi wa kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 iliacha sera ya kilimo kwa serikali kuu na kuipa kaunti ukulima wenyewe. Ndiyo maana ukimlalamikia afisa wa wadi kwamba bohari haina CAN, mbolea ya kukuzia, atakusikiliza vizuri na kukosa la kufanya. Anachoweza kufanya ni kukusaidia kurekebisha usajili na kukushauri utumie nini shambani.

Kaunti nayo huwa na miradi yake, kama vile mbegu, miche au upandishaji wa ng'ombe. Orodha zake ni tofauti. Kuwa kwenye moja hakukuingizi kwenye nyingine.

3. Nani anastahili?

Mkulima yeyote aliyesajiliwa kwenye KIAMIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za wakulima. Shamba liwe lako, la familia au la kukodi. Mfumo unataka kujua nani analima, wapi, ekari ngapi na zao gani. Hatimiliki ni habari nyingine. Kwa upande huohuo, kusajiliwa hakukupi haki yoyote juu ya ardhi: kesi ya mpaka haiamuliwi kwa meseji ya mbolea, ile inayoleta vocha yako (swali la 12).

4. Lazima niwe kwenye chama cha ushirika?

La. Lakini baadhi ya vyama hutumika kama vituo vya kuchukulia mbolea karibu na wakulima, kwa hivyo uliza kama chenu ni kimojawapo. Kinaweza kukuokolea safari ya mjini.

5. Nikichukua mbolea ya serikali, lazima niwauzie mahindi?

La. Uza unakotaka.

## Usajili

6. Najisajili wapi, na nibebe nini?

Anza kwa naibu wa chifu au mzee wa kijiji. Usajili wa nchi nzima ulifanywa mwanzoni mwa 2023 kupitia ofisi hizo, na hadi leo ndiko aliyeachwa nyuma huanzia. Beba kitambulisho cha asili, simu yenye laini unayotumia kila siku, na hesabu ya ekari zako kwa kila zao. Utaulizwa pia mifugo. Huduma ni bure. "Ya chai" si sehemu ya fomu.

Kabla hujainuka kwenye kiti, mwombe msajili akusomee vitu vinne kama vilivyo kwenye kifaa chake: majina jinsi yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na ekari. Namba ya simu isome tarakimu moja moja. Malalamiko mengi ya Machi yalizaliwa hapo, kwa 6 iliyoandikwa 9, au kwa ekari iliyoachwa wazi kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na jua kali.

7. Sijui shamba langu ni ekari ngapi. Nikadirie?

Usikadirie, pima kwa miguu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani kipande cha mita 64 kwa 63 hivi. Mtu mzima akinyoosha hatua vizuri hufikia karibu mita moja, ila hakikisha kwanza kwa kamba ya mita kumi. Pima urefu, pima upana, zidisha, gawanya kwa 4,047. Ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo watu huiita moja ya nane, kwa hakika inaingia kwenye ekari mara nane na nusu na zaidi kidogo.

Kuna makosa mawili yanayopingana hapa. Wengine huongeza ekari wapate mifuko mingi, halafu mzee wa kijiji anayejua kila mpaka anakataa kuthibitisha. Wengine, na hawa ni wengi kuliko unavyodhani, hupunguza kwa kuogopa kwamba hesabu itageuka kuwa kodi ya ardhi. Matokeo ni mkulima wa ekari tano anayepata mgao wa ekari moja na kuanza kulaumu mtandao.

8. Nalima shamba la kukodi. Nani asajili ekari hizo, mimi au mwenyewe?

Anayelima msimu huo. Kwenye usajili wako, sema wazi ekari zako ni ngapi na za kukodi ngapi. Elewana na mwenye shamba mapema, kwa sababu ekari moja ikiandikwa kwa watu wawili, mmoja wenu atajikuta akieleza mbele ya chifu. Hili linawahusu pia wanaokodi vipande kwenye mashamba ya ADC, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo.

Ukodishaji hubadilika kila mwaka, rekodi haibadiliki yenyewe. Ulikodi ekari sita mwaka jana na mwaka huu una mbili? Au kinyume chake? Rudi urekebishe kabla ya Januari kwisha.

9. Mimi na mume wangu tunaweza kusajiliwa wote wawili?

Ndiyo, mkigawana ekari. Familia yenye ekari nne inaweza kuandika mbili kwa mama na mbili kwa baba. Haiwezi kuandika nne kwa kila mmoja. Kwa nyumba ambazo baba anafanya kazi Nairobi na mama ndiye anayelima, ni busara usajili uwe kwa jina na simu ya mama. Vinginevyo meseji itafikia mtu aliye kilomita mia tatu na zaidi kutoka shambani.

10. Nilisajiliwa, jirani amepata meseji, mimi sijapata. Shida iko wapi?

Chunguza kwa mpangilio huu, kuanzia kinachotokea zaidi.

Kwanza, namba. Je, laini uliyoandikisha bado unayo? Wengi walipoteza simu, wakanunua laini mpya ya shilingi hamsini na kusahau kwamba serikali bado inaijua ile ya zamani. Kama laini ya zamani ilikuwa kwa kitambulisho chako, nenda kwa wakala uirudishe. Ni haraka kuliko kubadilisha rekodi.

Pili, jina la laini. Laini iliyosajiliwa na mtoto wako au na yule kijana wa duka la M-Pesa italeta shida wakati wa kuthibitisha na wakati wa kulipa. Ukiwa na laini ya Safaricom, bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usipoiona unayotumia, ishughulikie kwanza.

Tatu, simu yenyewe. Kabambe, yaani simu ndogo ya kawaida, ikijaa meseji haipokei nyingine. Futa za zamani. Kwenye simu kubwa, angalia kama meseji za matangazo umezifungia, maana meseji ya mbolea nayo hutoka kwa jina fupi na si kwa namba ya kawaida.

Nne, rekodi. Ekari sifuri au zao lisiloandikwa maana yake mfumo hauna cha kukupigia hesabu. Hili huwezi kuliona nyumbani. Mwombe afisa wa kilimo wa wadi au naibu wa chifu akutafute kwa namba ya kitambulisho na akusomee kilichoandikwa.

Tano, huenda zamu yako haijafika. Meseji hazitumwi zote siku moja.

Usijisajili upya kabla ya kumaliza hatua ya nne. Rekodi mbili zenye kitambulisho kimoja huchelewesha kuliko rekodi moja yenye kosa.

11. Sina simu kubwa. Nitaweza?

Kabambe inatosha kabisa. Usiye na simu kabisa, angalau uwe na laini iliyosajiliwa kwa jina lako, uiweke kwenye simu ya mtu wa nyumbani siku ya kuangalia meseji na siku ya kulipa.

## Vocha, malipo na bohari

12. Mambo yanakwendaje hatua kwa hatua?

Vocha ya kielektroniki hufika kwa meseji. Isome yote, usiishie kwenye bei. Ndani yake kuna mifuko unayoruhusiwa, na mahali pa kuchukua. Kama umetakiwa kuagiza mwenyewe kwa msimbo wa nyota na reli, chukua msimbo huo kwenye bango la bohari au kwa afisa wa kilimo, si kwenye ujumbe uliosambazwa na binamu.

Kabla ya kusafiri, hakikisha mbolea ipo. Si kwamba "inakuja", ipo. Piga bohari, au muulize aliyetoka huko asubuhi hiyohiyo.

Siku ya kwenda, beba kitambulisho cha asili, simu yenye laini ya usajili, na pesa ikiwa tayari ndani ya M-Pesa pamoja na ada ya kutuma. Watu husimama saa nne kwenye foleni, wakifika dirishani salio limepungua shilingi thelathini. Karani hukutafuta kwa kitambulisho, unathibitisha, unalipa kwa namba ya malipo ya bohari iliyobandikwa ukutani, na unasubiri risiti. Hesabu mifuko wakati inapakiwa, si ukifika nyumbani.

13. Nitamtambuaje tapeli?

Anataka PIN yako, au anataka pesa zitumwe kwa namba ya mtu. Malipo halali huenda kwenye namba ya malipo ya taasisi, na kabla hujabonyeza PIN simu hukuonyesha jina la anayelipwa. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo.

Namba ya tapeli ipeleke kwa 333 kwa meseji, ni bure. Kama umekosea ukatumia mtu pesa kwa M-Pesa, sambaza meseji ya uthibitisho kwenda 456 papo hapo. Kila dakika inayopita ni nafasi yake ya kuzitoa. Kuna pia utapeli wa ana kwa ana: kijana mwenye koti la kazi nje ya lango anayetaka "kukusaidia na simu". Usimpe. Makarani wako ndani.

14. Nimelipa, halafu wakasema imeisha. Pesa zangu?

Usiondoke bila risiti au maandishi yanayoonyesha kitambulisho chako, kiasi na aina ya mbolea uliyolipia. Muulize msimamizi wa bohari mambo mawili: shehena inayofuata inatarajiwa lini, na je, unaweza kuchukua kwenye bohari nyingine. Mtu wa upande wa Moi's Bridge huenda akapata huko haraka kuliko kurudi Kitale. Weka meseji ya M-Pesa, usiifute. Kwa aliye na kabambe, nakili namba ya muamala kwenye karatasi.

Kuzuia tatizo hili ni rahisi kuliko kulitibu: lipa ukishaiona mbolea kwa macho na kujua foleni iliyo mbele yako haitaimaliza.

15. Vocha imenipeleka bohari ya mbali. Naweza kubadilisha?

Mara nyingi ndiyo, lakini kabla ya kulipa. Omba bohari unayoitaka ikutafute kwenye mfumo. Ikishindikana, nenda kwa afisa wa kilimo wa kaunti ndogo, kwa sababu tatizo huwa kwamba eneo lako limeandikwa vibaya, na bila kulirekebisha litakusumbua msimu ujao tena.

16. Mama yangu ni mzee, hawezi kusimama foleni. Naweza kumchukulia?

Vocha imefungwa kwa kitambulisho na simu yake, kwa hivyo beba vyote viwili, cha asili na si picha. Ongeza barua fupi ya naibu wa chifu yenye jina lako na lake. Kuna bohari itakayoitaka na kuna itakayoipuuza, lakini anayekwenda bila barua ndiye hurudishwa. Pesa ziwe kwenye laini yake.

17. Nikihesabu usafiri na siku iliyopotea, bado inalipa?

Inategemea unachukua mifuko mingapi na unakwenda mara ngapi. Tuseme duka la pembejeo karibu nawe linauza DAP kwa 5,000 na bohari ni 2,500. Unaokoa 2,500 kwa mfuko. Mwenye mfuko mmoja anayelipa bodaboda 700 kwenda na kurudi anabaki na 1,800. Akirudishwa mara mbili kwa kukosa mbolea, amebaki na 400, na siku tatu za kulima zimekwisha.

Sasa majirani kumi wenye mifuko 15 kwa jumla wakikodi kanta kwa 3,000, kila mfuko umesafiri kwa 200. Hapo ruzuku inabaki ruzuku. Kila mmoja lazima aende na kitambulisho na simu, au afuate swali la 16, lakini gari ni moja. Kwa mwenye mfuko mmoja na bohari ya mbali, kusema kweli, kikundi ndicho kinachofanya mpango huu uwe na maana.

## Mbolea yenyewe

18. Nihitaji mifuko mingapi kwa ekari ya mahindi?

Kipimo kinachotumika sana huku ni kilo 60 za fosfeti na kilo 60 za nitrojeni kwa hekta, yaani kama kilo 24 za kila kimoja kwa ekari. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una fosfeti kilo 23 na nitrojeni kilo 9. Kwa hivyo mfuko mmoja wa DAP wa kupandia unamaliza fosfeti. Nitrojeni inabaki pengo la kilo 15, na mfuko wa CAN una kama 13. Mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa CAN, au CAN mmoja na robo kwa shamba lililochoka.

Mbolea huishia njiani kwenye kifuniko cha soda kinachotumiwa kupimia kila shimo. Kifuniko kilichojaa bila kilele hubeba takriban gramu 5. Ukipanda sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kwa shimo, ekari ina mashimo kama 10,800, na mfuko mmoja unakupa gramu 4.6 kwa shimo: kifuniko kimoja, sawa. Lakini ukipanda 75 kwa 25, mbegu moja moja, mashimo ni 21,600, na kila shimo linastahili nusu kifuniko tu. Vibarua wakiendelea na kifuniko kizima, ekari itakula kilo 108 na utasema mfuko ulikuwa mwepesi. Mwagia udongo kidogo juu ya mbolea kabla ya kuweka mbegu, la sivyo itaiunguza.

19. DAP imeisha, wanasema nichukue NPK. Nikubali?

Angalia namba kwenye mfuko: ni asilimia ya nitrojeni, fosfeti na potashi, kwa mpangilio huo. NPK 23:23:0 ina kilo 11.5 za fosfeti, nusu ya DAP. Kufikia fosfeti ileile unahitaji mifuko miwili kwa ekari. Faida ni kwamba mifuko hiyo miwili inakuletea nitrojeni kilo 23, kwa hivyo hesabu ya CAN inapungua sana. Hasara ni kwamba nitrojeni hiyo yote imeingia siku ya kupanda, na mvua ya Aprili huizamisha kabla mahindi hayajawa na mizizi ya kuifuata. Bado weka akiba ya nusu mfuko wa CAN.

NPK 17:17:17 ina kilo 8.5 za kila kirutubisho, pamoja na potashi. Ni nzuri kwa viazi na mboga. Kwa mahindi, ichukue kama hakuna nyingine na mvua imefika. Kusubiri DAP wiki tatu huku wenzako wamepanda ni hasara kubwa kuliko tofauti ya mbolea.

20. Kukuzia: CAN au urea?

Urea ina nitrojeni kilo 23 kwa mfuko, CAN kama 13. Bei zikikaribiana, urea ni rahisi zaidi kwa kila kilo ya nitrojeni. Lakini urea iliyoachwa juu ya udongo kwenye jua hupotea hewani. Ifukie au iweke mvua ikiwa karibu kunyesha. Usiyeweza kufukia, chukua CAN. Zote ziwekwe mahindi yakifika magotini, kando ya shina na si kwenye kikonyo cha majani, na baada ya palizi. Ukiweka kabla, umelisha magugu.

21. Nitajuaje kwamba mbolea ni halisi?

Swali hili lilipata uzito mwaka 2024, wakati mifuko isiyofikia viwango ilipopatikana hata ndani ya mpango wa serikali, uuzaji wake ukasimamishwa na wakulima walioathirika wakafidiwa kwa mifuko mingine. Waliofidiwa bila kuvutana walikuwa wale wenye risiti.

Angalia mshono: uwe wa mashine, mstari mmoja, bila matundu ya uzi wa kwanza pembeni. Pima uzito kwenye mizani ya posho mill. Fungua mfuko mmoja ushike: chembe ziwe zinalingana, si unga wala kokoto. Urea ikitiwa kwenye glasi ya maji huyeyuka yote na glasi hupoa mkononi. CAN huacha mashapo meupe au ya kijivu, na ukiidondoshea siki hutoa mapovu, kwa kuwa ina chokaa ndani. Kitu kinachokaa chini ya glasi kama mchanga, bila kubadili maji, kina maswali.

Vipimo hivi vinakutia shaka tu. Jibu ni la maabara. Kwa hivyo kabla ya kupanda, tia nusu kilo kwenye mfuko safi wa plastiki, funga, andika tarehe na bohari, na uhifadhi pamoja na risiti na mfuko mtupu wenye namba ya toleo. Mkulima aliyemwaga yote na kutumia mifuko kuanikia maharagwe hana cha kuonyesha.

22. Naweka DAP kila mwaka na mahindi bado yanageuka zambarau. Kwa nini?

Zambarau kwenye majani ya chini ni njaa ya fosfeti, na kwenye udongo wenye asidi fosfeti hufungwa hata kama ipo. DAP ikirudiwa miaka mingi huongeza asidi hiyo. Unanunua dawa inayoongeza ugonjwa.

Pima udongo. Tembea shamba kwa zigizagi, chimba sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mbolea, chukua nusu kilo, anika kivulini, peleka KALRO Kitale, kituo cha utafiti wa kilimo, au maabara nyingine. Ukiambiwa pH, yaani kipimo cha asidi, iko chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo kwa kiasi watakachokuandikia, ukiichanganya na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiitie shimo moja na DAP. Nayo chokaa imewahi kuingia kwenye ruzuku, kwa hivyo uliza bohari.

23. Nikichukua Januari, itaharibika kabla ya kupanda?

La, ikiwa kavu. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na mbegu na chakula. CAN na urea hunywa unyevu zikaganda. Mfuko uliofunguliwa ufunge kwa nailoni. Januari na Februari foleni ni fupi, na huo ndio wakati mzuri kwa aliye na pesa.

## Mambo yasiyo ya kila siku

24. Aliyesajiliwa amefariki. Tutumie vocha yake?

Vocha hairithiwi, na kutumia kitambulisho cha marehemu ni kosa. Mwambie naibu wa chifu rekodi ifungwe, kisha anayelima sasa asajiliwe na ekari zile. Huhitaji kumaliza mirathi kwanza, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 3. Ndugu wakiwa na mzozo, kila mmoja aandike kipande anacholima kweli.

25. Nina mifuko ya ziada. Nimuuzie jirani?

Usiuze. Kuiuza tena kwa faida, kuihamishia kwenye mifuko mingine au kuivusha mpaka wa Suam kuingia Uganda kumewapeleka watu mahakamani na mali ikataifishwa. Njia safi ni kutolipia mifuko usiyohitaji. Vocha ya mifuko sita haikulazimishi kuchukua sita.

26. Nalima chai. Natumia bohari hiyohiyo?

Wakulima wa chai wanaopeleka majani kwa KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, hupata yao kupitia viwanda vyao, kwa kawaida NPK 26:5:5. Ukiwa na chai na mahindi pia, sajili mahindi kando kama kawaida.

27. Naamini mgao wa kata yangu unaliwa. Nifanye nini?

Anza kwa maandishi, si kwa kelele za baraza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, nayo inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Andika barua kwa Kiswahili au Kiingereza, omba kitu kimoja kinachohesabika: mifuko mingapi ya aina gani ilipokelewa katika bohari fulani kati ya tarehe fulani na fulani, na mingapi ilitolewa. Usiombe majina na namba za simu za wakulima wengine. Hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na zitakuwa kisingizio cha kukunyima yote.

Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku 21 zikipita kimya, peleka nakala hiyo kwa ofisi ya ombudsman, inayopokea malalamiko ya umma, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo. Unaweza kuuliza utaratibu wake kwenye Huduma Centre ya Kitale. Barua isiyo na muhuri wa tarehe utaambiwa haikufika.